Puto, kanisa na bilioni saba: jinsi mwangwi ulivyoingia ndani ya kompyuta

Leo kuna hesabu kidogo, lakini msikimbie. Tunazungumzia mwangwi, yaani ule mvumo unaobaki chumbani mtu akishanyamaza.

Zamani studio ikitaka mwangwi ilitafuta chumba kitupu, spika upande huu, maikrofoni upande ule. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ikatoa EMT 140, bamba la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku na kutetemeshwa kwa sauti. Lilivuma vizuri, ila halikuwa chumba chochote unachokijua.

Konvolusheni ni jambo jingine kabisa. Pasua puto ndani ya kanisa, urekodi mlio mpaka kimya kirudi. Sasa chukulia kila sampuli ya sauti yako kuwa puto dogo, lenye nguvu yake. Kila moja linapasuka na kuacha mvumo wake, nawe unajumlisha yote. Basi, umeimba ndani ya kanisa hilo.

Tatizo ni kujumlisha. Sauti ya CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde. Mwangwi wa sekunde 4 ni sampuli 176,400, na kila sampuli inayotoka inadai kuzidisha mara hizo zote. Kwa sekunde moja ni karibu mara bilioni 7.8, na hilo ni sikio moja tu!

Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kukokotoa Fourier, na 1966 Thomas Stockham akaonyesha kuwa konvolusheni inaweza kupita humo kwa kazi ndogo mno. Lakini njia hiyo hungoja fungu zima la sampuli, kwa hiyo mwimbaji angejisikia kwa kuchelewa. Mwaka 1995 William Gardner wa MIT akaeleza namna ya kukata rekodi ya chumba vipande vipande: vifupi mwanzoni, virefu mkiani. Mwanzo unashughulikiwa papo hapo, mkia unapikwa taratibu. Kwangu hili ndilo wazo tamu kuliko yote, wala sijaona plagini ikilitaja kwenye tangazo lake.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Sony DRE-S777 ilitoka 1999, Altiverb ya Uholanzi 2001. Sisi wa mfuko mwepesi tulikuwa na SIR ya bure, iliyochelewesha sauti sampuli 8,960, kama sehemu ya tano ya sekunde. Naye Angelo Farina, huko Paris mwaka 2000, alionyesha kipimo kinachoshinda puto: sauti inayopanda kutoka nzito hadi nyembamba, kisha programu inaifungua na kubakiza chumba peke yake.

Lakini vyumba vya nani? Fungua mkusanyiko wowote: makanisa makuu ya mawe na kumbi za Ulaya zimejaa. Kwaya moja hapa Majengo, Nyeri, ilirudishiwa na studio wimbo wa kumuaga mzee wao ukiwa umetumbukizwa katika kanisa la namna hiyo. Jina la marehemu halikusikika! Mawe yale yanafaa wimbo wa polepole. Sisi huimba kwa kuitikiana, silabi zinafuatana mbiombio.

Dawa ya kwanza ni vitufe. Ucheleweshaji wa mwanzo niliuweka milisekunde 25, ili neno litoke kabla mvumo haujaanza. Mkia nikaukata kutoka sekunde 4 hadi 1.3. Ndani ya mwangwi nikaondoa masafa ya chini ya 250 Hz, maana ndiyo yanayotia matope. Jina likasikika, ila kwaya bado ilikuwa ugenini.

Tukaenda kupima ukumbi wa mabati wanamofanyia mazoezi. Spika ya kukodi, laptopu, kipimo cha Farina cha sekunde 15. Mara mbili pikipiki iliwashwa nje katikati ya kipimo, na mlio wa ghafla ndio adui wa njia hii, tukarudia. Mwangwi ulitoka mfupi, wa kukwaruza kidogo kati ya kuta mbili zinazotazamana. Mhandisi mwingine angeuita mbaya. Wanakwaya waliusikia kwenye vipokea sauti, wakacheka, wakautambua kabla sijawaambia ni wapi. Toleo hilo ndilo familia ya mzee ilipewa.