Mkorosho Haukuhamia Kijijini



Mara nyingi husemwa kwamba mazingira yanaharibiwa na ujinga wa wananchi. Historia ya Masasi na ya uwanda wa juu wa Makonde kule Newala yatufundisha jambo jingine: ardhi hutunzwa au kuharibiwa kwa kadiri ya utaratibu wa siasa na uchumi unaotawala.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani zetu. Miti iling'olewa kwa matrekta. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, ukiwa umekwisha kumeza takriban paundi milioni 36. Walioamua walikaa mbali na udongo ule.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nia ilikuwa njema zaidi. Operesheni Vijiji, iliyopamba moto kati ya 1973 na 1976, iliwakusanya watu ili wapate shule, zahanati na maji. Lakini mkorosho haukuhamia kijijini pamoja na mwenyewe. Wakulima wengi walijikuta mbali na mashamba yao. Palizi ikalegea, vichaka vikaota, moto ukapita. Tena bei ilikuwa hafifu, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Korosho za nchi nzima, zilizofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, zilikuwa chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87.

Soko huria la miaka ya 1990, pamoja na matumizi ya salfa, liliwarudisha watu mashambani. Hata hivyo soko nalo lina upofu wake: bei inapopanda, kichaka cha asili hufyekwa kupisha mikorosho, na hakuna mnunuzi anayelipia kichaka kilichobaki.

Basi, si amri ya dola wala bei ya mnada iliyotosha peke yake. Anayeishi na ardhi hana budi kuwa na sauti juu yake na kufaidika nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zimevipa vijiji nafasi ya kutenga na kusimamia misitu yao. Nafasi hiyo hutumika katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao wengi wetu hatuhudhurii. Utakapoitishwa tena, twendeni, tuulize: msitu wetu uko wapi, na nani anaulinda?