Ulinzi wa Ujirani: Waislamu wa Biryogo na Mabare katika Mwaka wa 1994

Mtu ashukaye kutoka katikati ya mji wa Kigali kwenda Nyamirambo hupita katika mtaa wa Biryogo, ambao nyumba zake zimebanana hata ukuta wa huyu huwa ni ukuta wa yule, na mlango wa nyuma wa mmoja hutokea uani kwa mwenzake. Msikiti wa Al-Fatah, uliojengwa katika mwaka wa 1913, ndio mkongwe wa misikiti ya mji huo. Wakazi wa kwanza hawakuwa watu wa ukoo mmoja wala wa nchi moja. Walikutana hapo askari na wapagazi waliokuja na Wajerumani, wafanya biashara wa pwani na wa bara ya Tanganyika, Wamanyema wa Kongo, Waarabu na Wahindi wachache, na Wanyarwanda waliosilimu mikononi mwao. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, na mahali palipowakutanisha palikuwa ni safu ya sala.

Wabelgiji walipoishika nchi katika mwaka wa 1916 hawakupendezwa na watu hawa. Waliwatenga katika makambi ya Waswahili kando ya miji, na Mwislamu aliyetaka kwenda safari ilimpasa kuomba ruhusa kwanza. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni. Basi mzazi wa Kiislamu alikuwa na njia mbili tu, mwanawe akae bila kusoma, au apewe jina jingine na imani nyingine. Wengi walichagua njia ya kwanza. Ndiyo maana Waislamu wa Rwanda wakawa madereva, washonaji, wauza nyama na wachuuzi, wala hawakuonekana sana katika ofisi za serikali na vyeo vya jeshi. Hata neno lenyewe, Umuswahili, katika Kinyarwanda likawa tusi, maana yake mtu mjanja asiyeaminika. Chama cha Waislamu, AMUR, kiliundwa katika mwaka wa 1964, baada ya uhuru, lakini dharau ya miaka hamsini haifutwi kwa hati ya kuandikishwa chama.

Katika miaka ile ya 1930 serikali ya Wabelgiji iligawa vipande vilivyoandikwa ndani yake kwamba mwenye kipande ni Mhutu, ni Mtutsi, au ni Mtwa. Waislamu nao walivibeba mifukoni kama watu wengine. Lakini ndani ya mtaa kipande kilikuwa na kazi ndogo. Waliooana hawakuulizana habari zake, na aliyekufa alizikwa na jamaa wa msikitini bila mtu kupekua mfuko wake. Tabia hii haikufundishwa na mwalimu yeyote kwa makusudi ya siku za hatari. Ilitokana na kuishi pamoja watu waliotengwa pamoja, na hapana shaka kwamba kutengwa kule, ambako Wabelgiji walikufanya kuwa adhabu, kuligeuka baadaye kuwa sitara.

Vita vilipoanza mwezi wa Oktoba 1990, maneno ya chuki yalienea nchini. Gazeti la Kangura lilichapisha mwezi wa Desemba mwaka huo amri kumi zilizowakataza Wahutu kuoa, kushirikiana na kuhurumiana na Watutsi. Haifai kuficha kwamba mhariri wa gazeti hilo, Hassan Ngeze wa Gisenyi, alikuwa Mwislamu. Kwa upande wa pili, masheikh na viongozi wa jumuiya waliwaonya watu wao misikitini wasijitie katika siasa ya ukabila, wakawakumbusha haki ya jirani, ambayo katika dini haibaguliwi kwa kabila wala kwa imani. Mawaidha ya namna hii husikilizwa na wengi kwa sikio moja. Safari hii yalikuja kupimwa upesi.

Usiku wa Jumatano, tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana iliangushwa juu ya Kigali, naye akafa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Watu walikuwa hawajasahau bado sherehe za Idi ya Mfunguo Mosi, iliyopita wiki tatu tu nyuma. Kabla ya mapambazuko vizuizi vilikuwa vimewekwa barabarani, na mauaji ya kimbari yakaanza. Kwa muda wa siku mia hivi waliuawa watu zaidi ya laki nane, walio wengi Watutsi, na pamoja nao Wahutu waliokataa uovu ule. Redio ya RTLM ilikuwa ikiwachochea wauaji na kuwatajia watu wa kuwindwa.

Wakati huo Waislamu walikuwa kama mtu mmoja katika kila watu mia wa Rwanda. Hawakuwa na silaha, wala hawakuwa na mkubwa serikalini wa kuwatetea. Walilokuwa nalo ni nyumba zao na kujuana kwao. Katika Biryogo watu walifichwa darini, chini ya vitanda na katika vyumba vya uani; na kwa kuwa nyumba zilishikana, aliyetafutwa huku aliweza kupitishwa kwa jirani hata akafika nyumba ya tatu au ya nne bila kukanyaga barabara. Wengine walivikwa kanzu na kofia, na wanawake wakafungwa mitandio, ili wapite kama watu wa mtaa. Wengine walikombolewa kwa fedha. Miongoni mwa waliofichwa walikuwamo Waislamu, na walikuwamo Wakristo ambao hawajapata kuingia katika nyumba ya Mwislamu maisha yao.

Msomaji mwenye nyumba afikiri kidogo jambo hili lilikuwa na kazi gani. Kumficha mtu usiku mmoja ni ushujaa. Kumficha kwa miezi mitatu ni kazi ya nyumbani. Chakula cha watu watano huliwa na kumi na wawili, na sokoni ni hatari kuonekana ukinunua zaidi ya kawaida. Maji huisha. Mtoto mchanga hulia. Mtoto mkubwa huulizwa njiani kama kwao kuna wageni, naye yampasa ajue kusema hapana bila kubadilika uso. Mzigo huu wote ulikuwa juu ya wanawake, na majina yao ni machache katika habari zilizoandikwa. Wala nyumba moja haikuweza kuficha mtu peke yake, kwa sababu katika mtaa uliobanana hakuna siri ya nyumba moja. Siri ilikuwa ya uchochoro mzima, na mtu mmoja tu angalitosha kuivunja.

Huko Mabare, mashariki ya Kigali, mambo yalikwenda namna nyingine. Pale Waislamu, Wahutu na Watutsi, walisimama pamoja wakiwa na mawe, fimbo, pinde na mishale kuwazuia Interahamwe, nao Watutsi wa vijiji vya jirani wakakimbilia msikitini kwao. Washambuliaji waliwataka Wahutu wajitenge, wakakataa. Mapanga yaliposhindwa, zikaletwa bunduki. Mwishowe msikiti ulivunjwa nguvu, na wengi waliokuwamo wakauawa, na Wahutu wengine waliosimama na ndugu zao wakauawa pamoja nao. Kadhalika katika msikiti mkubwa wa Nyamirambo wakimbizi walipigana kwa mawe na mishale hata askari walipoingiza bunduki za rashasha.

Kwa hiyo haiwi kweli kusema kwamba msikiti ulikuwa ngome isiyoingilika, wala kwamba Biryogo haikumwaga damu. Haiwi kweli vilevile kusema kwamba hapakuwa na Mwislamu muuaji. Walikuwapo, na baadhi yao walihukumiwa. Hassan Ngeze alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha katika mwaka wa 2003, na rufani ya mwaka wa 2007 ikampa kifungo cha miaka 35. Ila wale waliochunguza habari hizi wamekubaliana kwamba Waislamu, kama jumuiya, walijiepusha na mauaji na kulinda watu kwa kadiri isiyo ya kawaida katika nchi ile. Na jambo hili lina uzito zaidi likisemwa pamoja na makosa yake.

Jeshi la RPF lilishika Kigali tarehe 4 Julai 1994. Waliokuwa darini walishuka, wengine hawawezi kusimama sawasawa kwa kukaa wamejikunja. Kipande chenye kabila kikafutwa. Katika miaka iliyofuata watu wengi walikuja misikitini kutaka kusilimu: wengine kwa sababu waliokolewa na Waislamu, wengine kwa sababu waliona watu wakiuawa ndani ya makanisa waliyokimbilia, na wengine, kama walivyoshuku baadhi ya watu, kwa kutafuta kivuli cha kujifichia matendo yao. Masheikh walikuwa na kazi kubwa ya kufundisha watu hawa wote sala na udhu katika madarasa yasiyotosha, na katika safu moja alisimama aliyefichwa, aliyeficha, na pengine aliyekuwa kizuizini na panga. Idi ya Mfunguo Mosi ikawa sikukuu ya nchi nzima. Na katika Biryogo watoto waliofunzwa kusema kwamba kwao hakuna wageni wamekwisha kuwa wazazi, na wengine wao wangali wakikaa katika nyumba zile zile, na ule mlango wa nyuma ungali ukitokea uani kwa jirani.