Neno Lililookoa Kisiwa

Mwaka 1907 bahari iliwavamia watu wa Simeulue, kisiwa kilicho magharibi ya Sumatra, nchini Indonesia. Ardhi ilitetemeka, maji yakapwa ghafla, kisha yakarudi kwa kishindo na kuzoa vijiji. Waliosalia waliwaachia wajukuu wao neno moja: smong. Wazee walilisimulia katika hadithi na katika nyimbo za kubembelezea watoto, wakifundisha kwamba ardhi ikitetemeka sana na bahari ikikauka, mtu asishuke kuokota samaki, bali akimbilie mlimani. Sijui urithi ulio bora kuliko huo.

Sababu ya balaa hilo inajulikana. Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa. Chini ya bahari, magharibi ya Sumatra, bamba moja hujisukuma polepole chini ya jingine. Yanapogusana hukwama kwa miaka mingi, hata siku moja yakafyatuka. Sakafu ya bahari huinuka na kuyasukuma maji yote yaliyo juu yake. Tsunami nyingi hutokea kandokando ya Bahari ya Pasifiki, kama vile Japani, Chile na Alaska, kwa kuwa mabamba hukutana huko kwa namna hiyohiyo. Kwenye kina kirefu wimbi hukimbia kwa kasi ya ndege wala nahodha halitambui. Likifika maji haba hupunguza mwendo na kuinuka.

Tarehe 26 Desemba 2004 mabamba hayo yalifyatuka kwa urefu wa zaidi ya kilometa 1,000. Watu wapatao 230,000 walikufa. Huko Simeulue maji yalifika baada ya dakika kama 10 tu. Watu walipiga ukelele, "Smong!" wakapanda vilimani. Kati ya wakazi wapatao 78,000, walikufa 7.

Nikitafakari habari hii naufikiria mwambao wetu. Mawimbi yaleyale yalivuka bahari kwa saa kadhaa, yakaua watu karibu 300 Somalia, na wengine Tanzania na Kenya. Huku kwetu ardhi haikututikisa ili kutuonya. Lakini mvuvi wa pwani ajua saa ya kupwa na saa ya kujaa. Bahari ikipwa au kujaa wakati usio wake, hiyo ndiyo ishara. Baada ya mwaka 2004 mitambo ya tahadhari imewekwa, nayo ina faida kubwa. Hata hivyo, mtoto anayeokota makombe ufukoni hana mtambo. Ana maneno ya bibi yake tu, na maneno hayo ni juu yetu kuyasema mapema.