Bagamoyo: Nyumba ya Watoto Kabla ya Livingstone

Wageni wengi wa makumbusho ya misheni ya Bagamoyo huulizia kwanza mnara ambamo maiti ya David Livingstone ililazwa. Lakini misheni yenyewe, ambayo jengo lake la makumbusho lilijengwa mwaka 1876 kwa ajili ya masista, ina historia iliyotangulia hiyo, nayo ni ya watoto.

Machi 1868, mapadri Antoine Horner na Étienne Baur wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja kuanzisha makao hapa. Watoto waliowalea hawakutupwa na wazazi wao. Walitekwa vitani au kuuzwa wakati wa njaa, wakaswagwa hadi pwani. Wengine walinunuliwa sokoni Unguja ili wakombolewe; wengine walikabidhiwa baada ya manowari za Uingereza kukamata majahazi ya watumwa.

Siku yao ilikuwa sala, darasa na kazi. Wavulana walijifunza useremala, uashi na kilimo. Wasichana walishona chini ya masista. Aprili 1872 kimbunga kiliyabomoa majengo, yakajengwa upya. Waliokua walioana, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Ukombozi huo ulikuwa wa kweli, tena uliokoa maisha. Hata hivyo, mtoto aliyetolewa bara akiwa na miaka sita au saba hakuwa na njia ya kurudi kwa mama yake, na jina aliloitwa sasa lilikuwa la ubatizo. Historia ya misheni isiyotaja hasara hiyo haijawatendea haki watoto hao.

Februari 1874 ndipo maiti ya Livingstone ilipofika, baada ya safari ya miezi tisa hivi kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia. Watazame walioibeba. Mmoja wao, Chuma, alifunguliwa utumwani mwaka 1861, angali mtoto. Mwingine, Jacob Wainwright, Myao, naye alikombolewa utotoni, akasomeshwa Nasik huko India. Ndiye aliyechonga jina la marehemu kwenye mti kule Chitambo, na ndiye aliyefuatana na jeneza hadi London, akawa miongoni mwa waliolishika katika mazishi ya Westminster Abbey. Watoto wa Bagamoyo siku ile waliona watu waliopitia yale yale waliyopitia wao. Kwangu mimi, hilo ndilo tukio kubwa la mnara ule.

Mwaka 1877 familia za vijana wa misheni zilipelekwa Mhonda, zikaanzisha kituo cha bara. Wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 hadi 1889, watu waliokimbia mapigano walipata hifadhi misheni.

Makumbusho leo yanaonyesha pingu na minyororo ya utumwa pamoja na picha za zamani. Nje, kwenye mbuyu mkubwa, kipande cha mnyororo kimemezwa na gome. Wengi hudhani watumwa walifungwa pale, kumbe inasimuliwa kuwa Madame Chevalier, mhudumu wa wagonjwa, ndiye aliyemfunga punda wake kwa mnyororo huo. Waongoza wageni wafanye hima kulieleza hilo, kisha wawasimulie wageni habari za Chuma na Wainwright kabla ya kuwapeleka mnarani.