Kufukuzia na kukaribiana

Mwaka 1934 Bunge la Uingereza lililetewa muswada wa kuyasaidia maeneo yaliyokosa kazi baada ya migodi ya makaa na viwanda vya meli kudorora: Wales ya kusini, Tyneside, Cumberland ya magharibi na ukanda wa viwanda wa Scotland. Kichwa cha muswada kiliyaita maeneo "yaliyodidimia". Baraza la Malodi likalikataa neno hilo, na sheria ikatoka kwa jina la Maeneo Maalumu. Miaka miwili baadaye wanaume wapatao 200 wa Jarrow, mji uliomo humo humo kwenye umaalumu, walitembea kwa miguu hadi London kudai kazi. Ilipofika 1945 maeneo yale yakabatizwa tena, safari hii "ya maendeleo". Tanzania tunasema "mikoa ya pembezoni", na mimi nalipenda neno hili kwa kutokuwa na haya: ukilisikia unajua kuna waliojiweka katikati.

Mwaka 2021 waziri mkuu wa Uingereza, Boris Johnson, aliipa wizara nzima jina la kusawazisha nchi "kwenda juu". Hilo "juu" lilikuwa la kuwatuliza wapiga kura wa London na kusini. Lakini fundi anayesawazisha sakafu hujaza palipobonyea na hukwangua palipoinuka, na kusawazisha kwetu kuna yote mawili. Chama cha Labour kilipoingia madarakani 2024 kililifuta jina hilo wizarani. Pengo kati ya maeneo likabaki.

Wachumi nao wana lao. Robert Barro na Xavier Sala-i-Martin, katika kazi zao za miaka ya mwanzo ya 1990, walitenganisha mambo mawili kwa herufi za Kigiriki, beta na sigma. Beta ni pale maskini anapokua kwa kasi kumzidi tajiri. Sigma ni pale tofauti kati ya mikoa yote inapopungua. Vitabu vyetu huyafunga yote mawili katika "muunganiko", neno linalofaa zaidi vyama vya siasa. Mimi ningeiita beta kufukuzia, na sigma kukaribiana. Mkoa wenye 100 ukikua kwa asilimia 4 hupata 4; wenye 300 ukikua kwa asilimia 2 hupata 6. Wa kwanza anafukuzia kwelikweli, na bado kwa fedha taslimu anaachwa. Kwa kasi ya asilimia 2 kwa mwaka waliyoipata wachumi hao, nusu ya pengo huchukua kama miaka 35 kuzibika. Kukaribiana nako kuna hila yake: aliye juu mngoje chini. Tangu msukosuko wa 2008 tija ya London imekua kwa kusuasua, na hilo peke yake laweza kupunguza tofauti bila mtu wa Sunderland, kaskazini mashariki, kuongezewa hata senti.

Istilahi inayonikera kuliko zote ni "pato la mkoa". Huku Tower Hamlets, mashariki mwa London, maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf yanazalisha fedha za kutisha. Vuka barabara ya Aspen Way uingie Poplar, kwenye soko la Chrisp Street, umo katika mtaa wa London wenye umaskini wa watoto ulio miongoni mwa ule mbaya zaidi nchini. Mfanyakazi wa benki analala Kent, nje ya London. Alichozalisha kinaandikwa hapa na kugawanywa kwa vichwa vya wakazi wa hapa. Tuandike "pato linalozalishwa mkoani", na kando yake, kwenye safu nyingine, pato la wakazi.