Kwenda Senema na Mwenzio: Ndoa, Giza na Mji wa Dhahabu

Sisi wa visiwani tunasema senema, wenzetu wa bara wanasema sinema, na tofauti hiyo ya irabu moja si kitu. Kilicho kitu ni kitenzi kilichowekwa mbele ya neno hilo. Wazee wetu walipoitaja senema walisema "kwenda". Ndani ya kitenzi hicho mlikuwa na kuoga, kuvaa nguo iliyofukizwa udi, kufunga mlango, kupita mbele ya baraza za watu, kukata tikiti, na kurudi usiku na la kuzungumza. Televisheni hutazamwa, senema iliendewa. Na kwa mke na mume, ambao mila zetu hazikuwatengenezea sababu nyingi za kuonekana pamoja nje ya nyumba yao, kule kwenda kulikuwa na uzito wake.

Nataka kuieleza historia hiyo, kisha niipeleke mahali ambapo wapenzi wa ushairi wa pwani hatupafikirii sana: Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaofika hadi Geita. Dai langu ni kwamba mapenzi peke yake hayatoshi kuwatoa wawili nyumbani wakakae pamoja. Mji nao lazima uwape mahali, na uwape saa. Pwani iliwapa vyote viwili kwa miongo mingi. Mji wa dhahabu, pamoja na utajiri unaotoka chini yake, haukuwapa.

Tuanze kwetu. Mwaka 1921 Unguja ilipata jumba la Royal, lililojengwa kwa juhudi za mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla na kuchorwa na J. H. Sinclair, yule yule aliyeacha alama ya mkono wake katika majengo mengi ya Mji Mkongwe. Baadaye moto uliliteketeza jumba hilo, na katika miaka ya 1950 likasimamishwa jengine mahali pake, ambalo watu wanalijua kwa jina la Majestic. Filamu za mwanzo zilikuwa bubu. Mwaka 1931 India ilitoa filamu yake ya kwanza yenye sauti, *Alam Ara*, na tangu hapo nyimbo za Kihindi zikaanza kuvuka bahari kwa wingi, zikifuatana na zile za Misri zilizobeba sauti za Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab. Mwaka 1951 ukatoka *Awaara* wa Raj Kapoor na Nargis, na watu wa Afrika ya Mashariki wakaupenda kama walivyoupenda watu wa Urusi na Uturuki.

Lakini filamu nzuri haimtoi mke wa mtu nyumbani. Kilichomtoa ni utaratibu. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, ambayo mama, binti na jirani waliyaendea wakiwa na mabuibui yao, bila ya mwanamme kupata la kusema. Kulikuwa na Jumapili, siku ya filamu za Kihindi, ambapo familia nzima zilikwenda kwa pamoja. Na kati ya ile siku ya wanawake na hii ya familia, mlango ulipatikana wa kupita wawili: bwana na bibi yake, watoto wakiachwa kwa nyanya yao. Hakuna aliyewanyooshea kidole, kwani walikuwa wanakwenda mahali ambapo kila mtu wa heshima alikuwa anakwenda. Heshima ya jumba ndiyo iliyoifunika heshima yao.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji watazamaji wengi wa Tanzania na kutoa kitabu chake mwaka 2018, ameonyesha kwamba filamu hizo zilikuwa shule ya mazungumzo juu ya mapenzi na ndoa. Kijana aliyeozwa kwa shauri la wazee na kijana aliyetaka kuchagua mwenyewe wote walijikuta mbele ya pazia moja, wakiona baba mkali, binti mwenye machozi, na mapenzi yanayogombana na nasaba. Mambo hayo hayakuwa ya Bombay peke yake.

Hapa naomba kuingiza neno la mtu wa tafsiri. Filamu zile zilizungumza Kihindi, na watazamaji wengi hawakukijua Kihindi. Hazikuwa na maandishi ya Kiswahili chini. Basi waliifahamu vipi hadithi? Kwanza kwa macho. Pili kwa nyimbo, ambazo watunzi wetu wa taarab walizichukua tuni zake wakazivisha maneno ya Kiswahili, hata leo tuna nyimbo ambazo mama yao ni Mswahili na baba yao ni filamu. Na tatu kwa kunong'onezana. Aliyekwisha kuiona filamu alimfasiria ambaye hajaiona. Aliyeokota maneno mawili matatu dukani kwa Mhindi alimpa mwenziwe. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo kwa mke na mume. Watu ambao mchana huitana "Baba Fulani" na "Mama Fulani", wasiotajana majina mbele ya watu, walikaa bega kwa bega gizani, mdomo karibu na sikio, wakifasiriana maneno ya mapenzi. Neno ambalo mume asingelisema kwa niaba yake mwenyewe aliweza kulisema kwa niaba ya Raj Kapoor. Tafsiri imefanya kazi nyingi duniani. Sijui nyengine iliyo tamu kuliko hiyo.

Mrima nao ulikuwa na yake. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilifunguliwa senema ya magari huko Msasani, ambapo watu walitazama wakiwa ndani ya gari au wamekaa juu ya mikeka na vyakula vyao. Uwanja huo haupo tena. Kwenye ardhi hiyo leo umesimama ubalozi wa Marekani. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Filamu Tanzania, na biashara ya kuingiza na kugawa filamu ikawa shughuli ya Serikali. Tanga, Moshi, Arusha, Dodoma, Tabora na Mwanza zote zilikuwa na majumba yake. Reli na pamba na mkonge viliipeleka senema bara, kwani palipokuwa na maduka na familia palikuwa na watu wa kukata tikiti.

Twende sasa Bulyanhulu. Ni kama kilomita 55 kusini ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wasukuma na majirani zao Wasumbwa, na mji wake wa jirani ni Kakola. Tusidhani kwamba watu wa huko walikuwa wakiingojea senema wapate pa kwenda. Usukuma ina ngoma zake, na mashindano ya Wagika na Wagalu baada ya mavuno yaliwakusanya watu uwanjani, wake kwa waume, tangu kabla ya mkoloni kuota mizizi. Picha zilipofika huko zilifika kwa gari. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa lori lenye mtambo wa umeme. Baada yake magari ya Serikali yaliendelea kuzunguka vijijini. Picha hizo zilimfundisha mkulima kilimo, afya na kulipa kodi. Ulikuwa mkutano wa hadhara wenye taa: kijiji kizima kilisimama uwanjani, mwenye kuzungumza alikuwa mmoja, na hakuna mke aliyekwenda pale na mumewe kwa ajili ya kuwa na mumewe.

Kisha ikaja dhahabu, na dhahabu ina namna yake ya kujenga mji. Wachimbaji wadogo walimiminika Bulyanhulu kwa maelfu. Mwaka 1996 waliondolewa ili eneo lichukuliwe na kampuni iliyokuwa tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, na namna walivyoondolewa imebaki kuwa ugomvi mkubwa hata leo. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi wa chini ya ardhi ukaanza kutoa dhahabu. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mchanga wa madini kusafirishwa nje na kazi za chini zikasimama; zikarejea baada ya makubaliano yaliyoizaa kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina hisa zake.

Katika habari zote hizo utasikia tani, wakia, hisa na mrabaha. Mke na mume huwasikii. Lakini machimbo hukusanya wanaume waliowaacha wake zao Tabora, Mara, Kigoma na kwengineko. Anayechimba kwa mikono hulala anapochimba. Aliyeajiriwa hufuata zamu, na zamu haijui Jumapili. Waliopo na wake zao hukutana mlangoni, mmoja anatoka na mwengine anaingia. Wahenga wamesema fimbo ya mbali haiui nyoka. Na ndoa ya mbali nayo ina nyoka wake.

Burudani ya mji wa namna hiyo ikawa banda la video. Mabanda yalienea nchi nzima katika miaka ya 1980 na 1990: ukuta wa mabati au magunia, mabenchi, mkanda wa VHS, na jenereta pasipokuwa na umeme. Filamu zilikuwa za ngumi, za vita, za Kihindi, na baadaye za Nigeria. Humo akazaliwa mfasiri wa aina mpya. Dar es Salaam alikuwapo Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake ikapanda juu ya sauti za waigizaji. Kazi yake na ya wenziwe ikauzwa katika kanda na kisha katika diski, na Kiswahili chao kikafika kila palipokuwa na banda. Sitaki wafasiri hawa wadharauliwe. Walikuwa masha'ir wa namna yao: walieleza, walitia mzaha, walimkemea mhusika mbaya, na waliifanya hadithi ya Hong Kong isikike kama imetokea Manzese.

Ila katika banda ule mnong'ono uliondoka. Mfasiri wa kipaza sauti huwafasiria wote kwa mara moja, hata mtu hana tena haja ya sikio la jirani yake. Na waliokaa mabenchini walikuwa wanaume na vijana, bega kwa bega, moshi wa sigara juu yao. Mke wa mtu aliyeingia humo alihesabiwa kuwa si mke wa mtu. Lile pazia la heshima, ambalo siku ya wanawake na siku ya familia zililishona pwani, halikushonwa huko. Filamu ilikuwa ile ile, na pengine mapenzi ndani yake yalikuwa yale yale; kilichokosekana ni kiti cha pili.

Wala haikuwa kwamba nchi ya Shinyanga haikuwa na mapenzi ya filamu. Steven Kanumba, nyota mkubwa kuliko wote wa filamu za Bongo, alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, Dar es Salaam ilifurika waombolezaji. Filamu zake na za wenziwe zilihusu ndoa kupita kiasi: wivu, mali, mawifi, mke aliyeachwa, mume aliyerogwa. Lakini zilitoka katika diski, zikanunuliwa sokoni na kutazamwa sebuleni. Televisheni nayo, iliyoanza bara mwaka 1994, ikaja kuingia nyumba nyingi kwa madishi. Mke wa mchimbaji akapata hadithi za ndoa kila usiku, akizitazama na watoto, na wadogo wa mume, na jirani aliyekosa umeme. Mume yumo zamuni au yumo bandani anatazama mpira wa Uingereza. Hadithi ya wawili ikawa inatazamwa na kila mtu ila wawili wenyewe.

Tusijisifu sisi wa pwani. Majumba yetu nayo yameanguka mmoja mmoja. Mengine yamekuwa maduka. Tamasha la filamu la nchi za majahazi, lililoanza Unguja mwaka 1998, hutukusanya Ngome Kongwe kwa siku chache, kisha tunarudi majumbani kwetu, kila mmoja na simu yake. Tofauti yetu na Kakola ni kwamba sisi tumepoteza kitu tulichokijua, na tunaweza kukitaja jina. Aliyekosa asichokijua hana hata wimbo wa kukililia.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la anasa. Halmashauri zenye migodi hupokea ushuru wa huduma unaotozwa katika mapato ghafi, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 makampuni hulazimika kukubaliana nazo mipango ya kuhudumia jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na ni haki. Lakini mji hauwi mji kwa kutibu watu na kuwasomesha tu. Ukumbi wa kiasi, wenye viti vyenye migongo badala ya mabenchi, wenye siku ya wanawake na siku ya familia, wenye onyesho la pili kwa ajili ya aliyetoka zamuni jioni: hayo si mambo makubwa kwa nchi ambayo dhahabu yake inapimwa kwa tani. Jariwalla alifanya hivyo miaka mia iliyopita kwa mtaji wa mfanyabiashara mmoja, naye alitaka faida, hakuwa anatoa sadaka.

Na ukumbi huo ukijengwa, nina ombi moja la mtu wa tafsiri. Filamu zisitiwe kipaza sauti cha kufasiri kila neno. Yaachwe machache ambayo mmoja atayafahamu na mwengine hakuyafahamu, ili ainamishe kichwa amuulize mwenziwe, naye amjibu kwa sauti ambayo wa kiti cha nyuma haisikii.