Kodi Mbili za Santa Cruz

Lugha yetu ina neno moja, kodi, lililobebeshwa mizigo miwili. Kodi ni fedha anayotozwa raia na serikali yake. Kodi vilevile ni fedha anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Darasani huwasisitizia wanafunzi waseme "kodi ya pango" wanapokusudia hiyo ya pili, wasije wakaeleweka vibaya. Leo nakuomba uuache utata huo kama ulivyo, kwa kuwa iko kaunti moja nchini Marekani ambayo historia yake ya nusu karne iliyopita haielezeki pasipo kuzitazama kodi hizo mbili kwa pamoja.

Kaunti hiyo ni Santa Cruz, katika pwani ya California, kusini mwa San Francisco. Neno kaunti usilichukue kwa maana waliyo nayo jirani zetu Wakenya, wenye gavana na bunge la kaunti. Santa Cruz huongozwa na baraza la wasimamizi watano waliochaguliwa na wananchi, na ndani yake imo miji yenye madiwani wake, ukiwamo mji wa Santa Cruz wenyewe na, upande wa kusini, Watsonville, mji wa wavuna stroberi. Ni kaunti ndogo iliyobanwa baina ya milima yenye misitu na bahari. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 270,861.

Kabla ya miaka ya 1960 mji wa Santa Cruz ulijulikana kwa ufuo wake na bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1907. Wastaafu walihamia huko kwa sababu maisha yalikuwa ya utulivu na nyumba zilikuwa rahisi. Viongozi wa mji waliona utulivu huo unakaribia kuwa usingizi, wakafanya jitihada kubwa ili Chuo Kikuu cha California kijenge tawi kwao. Walifaulu. Chuo kilipata takriban ekari 2,000 za shamba la familia ya Cowell, iliyokuwa imetajirika kwa kuchoma chokaa, na kikafungua milango mwaka 1965. Wanafunzi wa kwanza, ambao hawakuzidi mia saba, walikuta mabweni hayajakamilika, wakalazwa katika matrela. Yafaa uyakumbuke matrela hayo, kwani tutayakuta tena.

Mpango wa awali ulikuwa chuo kifikishe wanafunzi 27,500 ifikapo mwaka 1990. Wafanyabiashara wa mji walifurahia hesabu hiyo. Jambo ambalo hawakulipima ni sheria. Kwa katiba ya California, chuo kikuu hicho ni chombo cha dola: hakifungwi na kanuni za mji kuhusu matumizi ya ardhi, wala majengo yake ya elimu hayatozwi kodi ya mali na serikali za mitaa. Mji ulimkaribisha mgeni asiyehitaji ruhusa yake ili akue, na asiyelazimika kujenga vitanda vingi kama wanafunzi anaowasajili.

Kisha wanafunzi wakapata kura. Mwaka 1971 marekebisho ya 26 ya katiba ya Marekani yalishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, na siasa za Santa Cruz zikageuka. Zama hizo wakazi walikuwa wakipambana na miradi mikubwa. Kulikuwa na mradi wa maelfu ya nyumba katika shamba la Wilder, mwingine wa ukumbi wa mikutano katika uwanja wa mnara wa taa kando ya bahari, na wazo la mtambo wa nyuklia karibu na Davenport. Yote ilizuiwa. Ukitembea leo katika hifadhi ya Wilder, kati ya nyasi na mawimbi, utawashukuru waliopigana, na nadhani utakuwa na haki. Kati yao alikuwamo Gary Patton, mwanasheria aliyechaguliwa msimamizi wa kaunti mwaka 1974. Baadaye, mwaka 1979, mji ulimchagua diwani Mike Rotkin, mhadhiri wa chuo hichohicho, aliyejitambulisha waziwazi kuwa mjamaa.

Sasa tufike siku yenyewe: tarehe 6 Juni 1978. Siku hiyo wapiga kura wa kaunti walishika karatasi yenye maamuzi mawili yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza lilihusu jimbo zima. Liliitwa Pendekezo la 13, na liliweka ukomo wa kodi ya mali kuwa asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Thamani hiyo ilirudishwa nyuma hadi viwango vya katikati ya miaka ya 1970, na haikuruhusiwa kupandishwa kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa. La pili lilikuwa la kaunti pekee, Hoja J, iliyoandikwa na Patton. Hiyo iliagiza kaunti iweke kiwango cha ukuaji wa kila mwaka, ilinde ardhi ya kilimo, ielekeze ujenzi mijini badala ya mashambani, na ihakikishe kwamba asilimia 15 ya nyumba mpya zinapatikana kwa watu wenye kipato cha wastani au chini yake. Yote mawili yalipita.

Tazama yalivyoshikana. Pendekezo la 13 lilimpa mwenye nyumba sababu ya kutouza kamwe, kwa kuwa maadamu hauzi, kodi yake kwa serikali hubaki ya zamani. Jirani anayenunua nyumba ya aina ileile miaka thelathini baadaye hulipa mara nyingi zaidi. Mabaraza nayo yalipoona nyumba mpya huleta mapato madogo na gharama kubwa za shule, maji na barabara, yalianza kupenda maduka, ambayo huleta kodi ya mauzo. Hoja J kwa upande wake ilipunguza nyumba mpya. Kuhusu ile asilimia 15, hesabu yake ni nyepesi: asilimia 15 ya nyumba chache ni nyumba chache sana. Hivyo kodi ya kwanza ilifungwa kamba, na ya pili ikaachwa ipande mlima.

Sisemi kwamba waandishi wa Hoja J walikuwa na hila. Waliitazama Bonde la Santa Clara, ng'ambo ya milima, ambako bustani za matunda zilifunikwa kwa lami na nyumba katika kizazi kimoja, wakaapa yasiwapate. Mashamba ya stroberi ya Watsonville yapo hadi leo kwa sababu yao. Lakini mvunaji wa stroberi anahitaji pa kulala, na huko Watsonville familia mbili au tatu kushirikiana nyumba moja ni jambo la kawaida.

Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la nguvu ya 6.9 liliangusha maduka ya matofali katikati ya mji wa Santa Cruz, na Watsonville familia zikalala katika mahema kwenye bustani za umma. Nyumba za bei nafuu, ambazo kwa kawaida ndizo kongwe, ziliumia zaidi. Baada ya hapo bonde la ng'ambo, ambalo sasa dunia inaliita Silicon Valley, likawa linatoa mishahara ambayo mji wa ufukweni haukuweza kutoa, na wenye mishahara hiyo wakaanza kuvuka mlima jioni kurudi nyumbani Santa Cruz.

Nawe jiulize mwanafunzi anaingiaje hapa, ilhali hana mshahara. Chukua mfano wa kubuni. Nyumba ya vyumba vitatu inapangishwa. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto wawili anaweza kutoa dola 2,500 kwa mwezi. Wanafunzi watano, kila mmoja akisaidiwa na wazazi au mkopo kulipa dola 900, wanafikisha 4,500. Mwenye nyumba hahitaji kuwa mkatili ili amchague nani. Wanafunzi hao nao si matajiri. Wamebanana wawili wawili chumbani. Hapo ndipo ugomvi wa wanyonge wawili huzaliwa, mmoja akimwona mwenziwe ndiye adui.

Mwaka 2008 mji, kaunti na chuo vilimaliza kesi zao kwa makubaliano: chuo kikubali ukomo wa wanafunzi 19,500, na kiwape makazi asilimia 67 ya wanafunzi watakaoongezeka. Miaka kumi baadaye uhaba ulikuwa mkali kiasi kwamba chuo kiliwaandikia wahadhiri na watumishi wake kuwaomba wafikirie kuwapangisha wanafunzi vyumba majumbani mwao. Mwezi Novemba mwaka huohuo, 2018, wapiga kura wa mji waliikataa Hoja M, iliyokusudia kudhibiti kodi ya pango. Na ndani ya eneo la chuo, msituni, lilikuwapo eneo ambalo tangu miaka ya 1980 wanafunzi waliishi katika matrela arobaini hivi, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa makazi ya nafuu kuliko yote chuoni.

Desemba 2019 wanafunzi wa uzamili waliokuwa wakifundisha madarasa waligoma kuwasilisha alama za mitihani. Walikuwa wakipata takriban dola 2,400 kwa mwezi kabla ya makato, na wengi walimkabidhi mwenye nyumba nusu ya fedha hizo au zaidi. Walidai nyongeza ya dola 1,412 kwa mwezi. Mwishoni mwa Februari 2020 chuo kiliwaondoa kazini zaidi ya 50. Wengi wao walirudishwa baadaye mwaka huo.

Agosti 2020 radi ziliwasha msitu. Moto uliteketeza nyumba zaidi ya 900 katika milima ya kaunti, kule Bonny Doon na Boulder Creek, ambako baadhi ya watu walikuwa wamekwenda kuishi kwa sababu mjini hawakupaweza. Waliookoka walishuka kutafuta nyumba za kupanga kulekule walikoshindwa mwanzo. Ripoti ya kitaifa ya kodi za nyumba ya mwaka 2023 iliitaja Santa Cruz na Watsonville kuwa eneo ghali kuliko yote Marekani kwa mpangaji: ili amudu nyumba ya vyumba viwili, mtu alihitaji kulipwa zaidi ya dola 63 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara California mwaka huo kilikuwa dola 15.50.